Mashine Bila Mkanda: Vijana Wasio na Hela wa Bronx Walivyoipa Jina Mashine ya Santuri ya Technics

Muulize DJ yeyote wa santuri akutajie mashine moja tu. Hujamaliza swali, kashasema Technics SL-1200. Jina limekuwa kubwa kiasi kwamba ya mtumba, iliyochakaa, yenye mikwaruzo mwili mzima, bado inauzwa kwa hela ya kumlaza mtu macho. Kijana anayeanza, mwenye akiba ndogo, anaangalia bei, anahesabu vidole, anaishia kukata tamaa. Anaambiwa kama huna ile, basi huna kitu.

Sasa kinachochekesha ni hiki. Watu waliolipa jina hilo uzito hawakuwa na hela kabisa. Walikuwa vijana wa Bronx, New York, miaka ya 1970, wanaoishi kwenye majengo ambayo mengine yalikuwa yanaungua moto mtaa kwa mtaa. Na hawakuchagua mashine kwa jina. Walichagua kwa mkono na kwa sikio, kwa sababu hawakuwa na hela ya kukosea.

Mkanda wa mpira na shida zake

Ili stori ieleweke, ni lazima kwanza ijulikane mashine ya santuri inazungukaje.

Mashine nyingi za zamani zilikuwa na mota pembeni, na kati ya mota na sahani inayobeba santuri kulikuwa na mkanda wa mpira. Mota inazunguka, mkanda unavuta, sahani inazunguka. Kwa mtu wa kukaa kwenye kochi na kusikiliza, huo ni mpango mzuri tu. Mpira unameza mtetemo wa mota, sindano haipati kelele.

Ila mkanda una tabia zake. Ukizeeka unalegea. Ukilegea, kasi inayumba, na wimbo unaanza kulia kama mtu mwenye mafua. Halafu nguvu yake ni ndogo. Ukiwasha, sahani inajivuta taratibu mpaka ifike kasi yake. Ukiishika kwa mkono, mkanda unateleza au mota inazidiwa, na ukiachia inabidi usubiri tena ijikusanye.

Kampuni ya Matsushita ya Osaka, Japani, ambayo siku hizi inaitwa Panasonic, ilikuwa na chapa yake ya vifaa vya muziki inayoitwa Technics. Wahandisi wake wakajiuliza swali la kawaida tu: kwa nini mkanda uwepo? Wakatengeneza mota inayozunguka polepole, kwa kasi ile ile ya santuri, na sahani ikakaa moja kwa moja juu ya mota hiyo. Mkanda ukatupwa. Mwaka 1970 wakatoa SP-10, mashine ya kwanza ya aina hiyo kuuzwa sokoni. Hiyo ilikuwa nzito, ya gharama, ya kazi za kitaalamu. Mwaka 1971 ikaja SL-1100. Mwaka 1972 ikaja SL-1200.

Hapo ni pa kuzingatia. SL-1200 ya kwanza haikutengenezwa kwa ajili ya DJ. Ilikuwa ya baba mwenye nyumba nzuri, anayerudi kazini, anavua koti na kusikiliza muziki wake kwa utulivu. Hakuna mtu Osaka aliyewaza kwamba kuna mtoto atakuja kuisukuma santuri nyuma na mbele kwa vidole.

Pati ya senti 25

Tarehe 11 Agosti 1973, binti mmoja wa Bronx alitaka nguo mpya za kurudi shule. Hela haikuwepo. Akaamua kuandaa pati kwenye ukumbi mdogo wa chini katika jengo lao, namba 1520 Sedgwick Avenue. Kiingilio senti 25 kwa wasichana, senti 50 kwa wavulana. DJ akawa kaka yake, kijana aliyezaliwa Kingston, Jamaica, aliyehamia New York mwaka 1967.

Huyu Mjamaika alikuwa mtu wa kuangalia watu. Akagundua kwamba wachezaji hawauchezi wimbo wote sawasawa. Wanasubiri. Wanasubiri pale waimbaji wanyamaze, ngoma na besi zibaki peke yake, halafu ndipo wanaripuka. Tatizo ni kwamba kipande hicho ni kifupi mno, sekunde chache tu, kinaisha watu wakiwa ndiyo kwanza wamepata moto.

Dawa yake ilikuwa kuchukua santuri mbili za wimbo mmoja na kuziweka kwenye mashine mbili. Kipande kikiisha huku, anaingia kule. Kule kikiisha, anarudi huku. Sekunde chache zikawa dakika nzima za kuruka tu.

Baadaye kwenye mzigo wake zilikuwemo Technics SL-1100A, mashine zisizo na mkanda. Watu wa Bronx wakaanza kuona tofauti kwa macho yao. Mashine inayopokea haraka inamwezesha DJ kuwahi. Inayojivuta inamwaibisha mbele ya umati.

Fundi wa Barbados

Kati ya waliokuwa wakimtazama Mjamaika kulikuwa na kijana mwingine, mzaliwa wa Barbados, ambaye mapenzi yake ya kwanza yalikuwa waya na solda kabla hata ya muziki. Alisomea mambo ya umeme kwenye shule ya ufundi. Nyumbani alifungua redio za watu ajue kilichomo ndani, na akapigwa kwa ajili hiyo. Vipuri alivitafuta hadi kwenye takataka na magari yaliyotelekezwa.

Yeye alimpenda Mjamaika, lakini sikio lake lilikuwa linaumia. Mjamaika alikuwa anadondosha sindano kwa kukisia, na mara nyingi mapigo hayakukutana vizuri. Kijana wa Barbados akataka kipande kiungane na kipande kama vile hakuna aliyegusa kitu.

Basi akaanza kuzipima mashine. Swali lake halikuwa "hii ni ya kampuni gani?" Swali lake lilikuwa: ikitoka kusimama, inachukua muda gani kufika kasi yake kamili? Ikihitaji mizunguko miwili mitatu, hiyo haifai. Hakuwa na hela ya kununua mbili mpya ajaribu. Ilibidi ajue kabla ya kutoa hela. Kwa vijana wengi wa wakati ule hata za mkanda zilitumika, ndizo zilizopatikana. Lakini kila aliyezishika alijua anapigana na mashine yake.

Akakuta shida ya pili. Sahani huwa na mkeka wa mpira juu yake ili santuri isiteleze. Vizuri kwa msikilizaji, mbaya kwa DJ, kwa sababu ukishika santuri unaishika na sahani nzima. Mama yake alikuwa mshonaji, kwa hiyo vitambaa kijana alikuwa anavifahamu. Akachukua kitambaa kizito cha felti, akakata duara la ukubwa wa santuri, akakipulizia wanga wa kunyooshea nguo na kukipiga pasi mpaka kikakakamaa. Akakiweka chini ya santuri. Sasa mkono unashika santuri juu, na chini sahani inaendelea kuzunguka kama haijui kinachoendelea.

Kitambaa cha bei ya chini kabisa. Lakini siri yake inafanya kazi vizuri pale tu mota ina nguvu. Kwenye mashine dhaifu, hata msuguano mdogo wa kitambaa unatosha kuipunguza kasi. Kwenye mota ya moja kwa moja yenye nguvu, unashika, unaachia, na wimbo unaendelea palepale.

Kwa hiyo kilichokuwa kinatafutwa Bronx kilikuwa nguvu ya mota, na uwezo wa sahani kuendelea kuzunguka wakati mkono umeshika santuri. Uzuri wa mbao na sifa za magazeti ya wapenda sauti havikuwa na nafasi.

Dogo na mama mlangoni

Katikati ya miaka ya 1970, dogo mmoja wa miaka kama 12 au 13, ambaye kaka yake alikuwa akifanya kazi na yule fundi wa Barbados, alikuwa chumbani kwake anapiga muziki kwa sauti kubwa. Mama akaja kugonga mlango. Punguza sauti au zima kabisa!

Dogo akaishika santuri kwa mkono ili amsikilize mama. Wakati mama anaongea, mkono ukawa unaisukuma santuri kidogo mbele, kidogo nyuma. Kwenye spika ikatoka sauti ya ajabu, kama kitu kinachochanwa kwa mdundo. Mama akaondoka. Dogo akabaki anaifikiria ile sauti, akaifanyia mazoezi miezi kadhaa kabla ya kuitoa mbele za watu.

Mchezo huo ndio uliomaliza mashine dhaifu. Kusukuma nyuma na mbele kunataka mota isiyokata tamaa.

Usiku wa giza

Tarehe 13 Julai 1977 radi ilipiga njia za umeme na karibu New York yote ikaingia gizani, zaidi ya siku nzima. Maduka zaidi ya 1,600 yalivunjwa au kuharibiwa. Watu zaidi ya 3,700 walikamatwa.

Baadhi ya waliokuwepo wamesimulia wenyewe kwamba kabla ya usiku ule makundi ya DJ yenye mzigo wa maana yalikuwa machache, na baada yake yakachipuka kila kona. Simulizi hiyo hupendwa sana, watu huisema kwa kucheka. Lakini kuna upande ambao hausimuliwi kwa kucheka. Mwenye duka dogo aliyeamka akakuta rafu tupu naye alikuwa mtu wa mtaa uleule, na wengine hawakufungua tena. Umaskini wa Bronx ulikuwa wa kweli kiasi hicho: mashine mbili na miksa vilikuwa mbali na mkono wa kijana wa kawaida, na wapo waliovipata kwa hasara ya jirani.

Kiwanda kinawafuata vijana

Huko Japani taarifa zikaanza kufika kwamba mashine za kusikilizia nyumbani zinatumika kwenye madisko, tena zinateswa. Wahandisi wakaenda kuangalia Marekani. Mwaka 1979 wakatoa SL-1200MK2.

Ukiiangalia MK2 unaona kabisa wamewasikiliza DJ. Ile ya 1972 ilibadilisha kasi kwa vifundo vya kuzungusha. MK2 ikapewa kidude kirefu cha kusogeza juu na chini, kuongeza au kupunguza kasi hadi asilimia 8, kwa kidole kimoja, gizani. Ikapewa taa ndogo ya kumulika sindano. Kitako kikatengenezwa kizito, chenye mpira ndani, ili besi ya ukumbi isirudi kwenye sindano na kuanza kunguruma. Mashine nzima kilo 11. Ndani ikawekwa kioo cha kwatzi, kile kile cha kwenye saa, kinachokagua kasi muda wote. Kutoka kusimama mpaka kasi kamili ya mizunguko 33 na theluthi kwa dakika: sekunde 0.7.

Sekunde 0.7 hizo ndilo jibu la swali lililokuwa likiulizwa na kijana wa Barbados miaka kadhaa nyuma, asiye na hela mfukoni.

Mashine ikaenda dunia nzima. Ilipofika 2010 kampuni ikaacha kuitengeneza, ikiwa familia nzima ya 1200 imeshauza zaidi ya milioni 3. Watu wakalalamika, bei ya mtumba ikaruka. Mwaka 2016 ikarudi kwa bei ya matajiri, toleo la kwanza likiwa mashine 1,200 tu. Mwaka 2019 ikaja MK7, angalau imewakumbuka DJ wa kawaida.

Ndugu zake wasioimbwa

Sasa turudi kwa yule kijana anayehesabu vidole. Kosa lake ni kudhani kwamba mota ya moja kwa moja ilikuwa ya 1200 peke yake. Siyo kweli. Kufika mwisho wa miaka ya 1970 karibu kila kampuni kubwa ya Japani ilikuwa nazo, na hata Ujerumani Dual walishatoa 701 yao mwaka 1973.

Technics wenyewe walikuwa na ndugu wengi nyumba moja. SL-1700 ya familia ya MK2 ilifuata njia ileile ila mkono wake unarudi wenyewe santuri ikiisha. SL-D2 ilikuwa ya watu wa kipato cha kawaida, nyepesi, lakini haina mkanda. SL-Q2 ilikuwa hivyo hivyo ila na kwatzi ndani. Pioneer walikuwa na PL-518. Kenwood walikuwa na KD-500, ambayo kitako chake ni cha mawe ya kutengenezwa, kizito kama jiwe la kusagia. Hizi haziimbwi kwenye nyimbo, ndiyo maana nyingi bado zinauzwa nafuu.

Ila zote zisitiwe kapu moja. Kwa anayetaka kusikiliza nyumbani na kuhamisha nyimbo za zamani kwenye kompyuta, mashine kama SL-Q2 au PL-518 iliyotunzwa inamtosha, na hela inayobaki inanunua sindano mpya. Mashine ghali yenye sindano iliyoisha inaharibu santuri, tena santuri zisizopatikana tena. Kwa anayetaka kusukuma nyuma na mbele, hapo nyingi za nyumbani zitamwangusha. Mota zake hazikuandaliwa kwa kazi hiyo, na mkono unaorudi wenyewe unaweza kumletea balaa katikati ya shoo. Huyo ni bora ajichange polepole anunue MK2 moja chakavu lakini nzima, kuliko mbili za kupendeza atakazojuta nazo.

Na kuipima mtumba, njia ni ile ya Bronx, mkono na jicho. Mashine nyingi za aina hii zina nukta pembeni mwa sahani na taa ndogo inayozimulika. Kwenye MK2, kidude cha kasi kikiwa sifuri, nukta kubwa zinatakiwa zionekane zimesimama kimya. Zikitembea, kasi si sahihi. Kidude kisogezwe taratibu juu hadi chini, kikirukaruka kimechoka. Mkono wa sindano uguswe kwa ncha ya kidole: ukicheza kama jino bovu, beringi zimekwisha, na hilo ni gharama. Mkanda unaweza kubadilishwa na yeyote, lakini mashine isiyo na mkanda ugonjwa wake uko kwenye umeme wa ndani. Kapasita za miaka 40 huchoka, na baadhi ya saketi hazitengenezwi tena. Muuzaji akisema "haijawashwa muda mrefu ila ni nzima", hiyo ihesabiwe mbovu na bei ishuke.

Volti zinazoua mashine

Kwa wa Nairobi na Dar es Salaam kuna kaburi moja limezika mashine nyingi nzuri, nalo ni umeme. Mashine iliyouzwa Japani imetengenezwa kwa volti 100. Ya Marekani, volti 120. Umeme wa Kenya ni volti 240 na wa Tanzania ni 230. Ukichomeka bila kuangalia, sekunde moja inatosha kupika transfoma na kila ulichojichanga.

Baadhi zina swichi ya kubadili volti, nyuma au chini ya sahani. Zisizo nayo zinataka transfoma ya kupunguza, na gharama yake ihesabiwe kwenye bei tangu mwanzo. Kuna na jambo dogo la kasi ya umeme: Marekani wanatumia hezi 60, Kenya na Tanzania hezi 50. Mashine nyingi za mkanda za zamani mota zake zinafuata hezi, kwa hiyo ya Marekani ikiletwa huku inaimba polepole. Za mota ya moja kwa moja, kwa kawaida zenyewe ndizo zinazopanga kasi yake, hazijali hezi. Ni faida ambayo mnunuzi wa mtumba kutoka nje anaipata bila kuilipia.

Na huku santuri zipo. Nairobi ya miaka ya 1970 ilikuwa inakandamiza santuri ndogo za mizunguko 45, na nyimbo za Afrika Mashariki za wakati ule zimelala kwenye masanduku ya babu na bibi. Nyingine hazijawahi kuhamishiwa popote. Mashine nzima, hata iwe na jina lisilojulikana, inaweza kuziamsha.

Yule binti wa Sedgwick Avenue alikusanya senti 25 na senti 50 mlangoni ili apate nguo za shule. Usiku ule hakuna aliyeuliza mashine za kaka yake ni za mwaka gani wala ni toleo gani. Walilipa, wakaingia, wakacheza mpaka jasho likawatoka.